Je, wajua kwa nini mtambo unaweza kuonyesha uhusiano usiokuwepo?

Usiku wa giza, simama ufukweni Dunga, Kisumu, utazame taa za wavuvi wa omena. Karibu na nchi kavu utaziona kali na hafifu. Kule mbali zimebaki zile kali tu. Ukiandika daftarini umbali wa kila taa na nguvu yake, hesabu itakuambia kwamba wanaokwenda mbali hubeba taa kali zaidi. Kumbe hafifu nazo ziko huko huko, ila jicho lako halizifikii.

Mtego huo huo umetegwa kwenye milipuko ya miale ya gama, mimweko mifupi inayotoka galaksi za mbali mno. Angahewa huizuia isifike ardhini, kwa hiyo hunaswa na setilaiti. BeppoSAX, ya Italia na Uholanzi, ilirushwa mwaka 1996 ikazunguka karibu na ikweta, mstari ule ule unaopita Maseno, na data zake zikapokelewa Malindi. Hilo hunipa fahari kila nikilikumbuka.

Mwaka 2002 Lorenzo Amati na wenzake walichambua data hizo wakakuta kwamba mlipuko wenye nishati nyingi kwa jumla huwa pia na fotoni, yaani chembe za miale hiyo, zenye nguvu zaidi. Lakini mtambo huhesabu fotoni. Shilingi elfu moja kwa noti za mia tano ni noti mbili tu. Kwa sarafu za kumi ni sarafu mia. Vivyo hivyo, mlipuko dhaifu wenye fotoni za nguvu huleta fotoni chache, zisizotosha kuuamsha mtambo. Haurekodiwi. Ukichora grafu ya nishati ya jumla na nguvu ya fotoni, kona moja inabaki tupu, na nukta zilizosalia zinaelekea kujipanga mstari.

Mwaka 2005 Ehud Nakar na Tsvi Piran, kisha David Band na Robert Preece, walirudi kwenye data za mtambo wa BATSE, ulionasa milipuko zaidi ya 2,700 kati ya 1991 na 2000. Walikuta mingi haiwezi kukaa kwenye mstari huo, hata ukiikadiria umbali wowote.

Hata hivyo, mimi nisingeutupa uhusiano wote. Itazame kona ya pili: milipuko yenye nishati nyingi lakini fotoni dhaifu. Hiyo ingemwaga fotoni tele, na mtambo ungeinasa kwa urahisi. Nayo pia karibu haionekani, na safari hii hatuwezi kulilaumu jicho.