Nyutroni zikivuja, nyota itatwambia

Juzi baada ya Isha tumekaa barazani hapa Wete mdogo wangu kaniuliza, kaka hizo chembe za kioo unazozisemaga kama hazionekani wala hazishikiki mnajuaje kama zipo? Suali zuri hasa, nimelala nalo.

Wazo lenyewe la zamani, wanafizikia Lee na Yang walishaligusia 1956, kwamba huenda kila chembe tunayoijua ina pacha wake wa upande wa pili, kama sura kwenye kioo, na pacha huyo hapokei mwanga wetu, kinachotuunganisha nae ni mvutano tu. Sasa kuna wanaosema nyutroni, ile chembe ya ndani ya kiini cha atomu, kwa vile haina chaji ya umeme, inaweza mara moja moja kugeuka ikawa ya kioo. Maabara watu wanazifungia nyutroni kwenye chupa wanazihesabu kama zinapungua, lakini nyutroni ikiwa peke yake haiishi, wastani dakika 15 hivi imeshavunjika.

Ndo maana mie napenda nyota za nyutroni, mabaki ya nyota kubwa zilokufa, yaliyojaa nyutroni zilizobanana. Hiyo ni chupa ya mamilioni ya miaka, uzito wake unapita wa Jua na upana wake kama kilomita 24, ukiilaza hapo Unguja inaenea na nafasi inabaki.

Na utamu wenyewe uko hapa. Ndani ya nyota nyutroni zimejipanga kwa ngazi za nishati, hakuna mbili zinazokaa pahala pamoja. Chukua safu za sala ya Ijumaa, wa mbele udhu ukimtoka akaondoka pengo haliachwi, wa nyuma anasogea anaziba. Basi nyutroni ya chini ikigeuka ikawa ya kioo, ya juu inashuka kuziba pengo, na kule kushuka kunatoa joto. Kwahiyo nyota inayovuja nyutroni hivyo haiwezi kupoa vizuri hata ikizeeka vipi.

Kuna nyota ya nyutroni moja inaitwa PSR J2144-3933, kizee hasa, wakaielekezea darubini ya Hubble na haikuonekana kabisa, maana yake uso wake uko chini ya kelvin 42,000. Kwa nyota ya nyutroni hiyo ni baridi tupu yakhe! Uvujaji ungekuwa mkubwa tungeliona lile joto.

Halafu joto likitoka uzito nao unapungua, na nyota mbili zinazozungukana zikipungua uzito mzunguko unarefuka. Ile jozi ya nyota za nyutroni walioigundua wanafizikia Hulse na Taylor 1974 inazunguka kila saa 7 na dakika 45, na muda huo unafupika badala ya kurefuka, karibu sehemu 76 za milioni za sekunde kwa mwaka, sawa na hesabu za Einstein za mvutano, tofauti haifiki hata asilimia 1. Uvujaji wowote lazima ujibane humo kwenye tofauti hiyo.

Kwahiyo nlimjibu hivi, chembe ya kioo hatujaiona hata moja, ila mlango wa kuvujia kama upo tunajua ni mwembamba kiasi gani, na ikipatikana nyota baridi kuliko ile kizee utabanwa zaidi. Mie naisubiri hiyo.