Giaboksi ya Lori Uani: Jeki Hunyanyua, Haishikilii

Malalamiko yanayoletwa ofisini kwetu, wakaguzi wa usalama kazini, kuhusu gereji za majumbani yamebadilika. Zamani alikuja jirani aliyechoshwa na kelele, au na oili chafu inayotiririka hadi kwenye mtaro wa maji. Siku hizi anakuja mke wa fundi, au kaka yake, na karatasi za hospitali mkononi. Mmoja amesagika vidole, mwingine nyonga, na ukiuliza walikuwa wanafanya nini, jibu mara nyingi ni lile lile: walikuwa wanashusha giaboksi ya lori.

Kwa nini kazi hiyo inafanyikia nyumbani, tunaelewa. Lori linasubiriwa Mang'ola, vitunguu vimeshavunwa, gereji kubwa ina foleni ya siku nne, na fundi anayeaminika anakaa Muriet, Arusha, au Pasua, Moshi. Mwenye lori anaingiza gari uani kwake, anampigia fundi, na kufikia jioni propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya giaboksi kwenye magurudumu, imelala chini ya mwembe. Siandiki haya ili kuwafukuza mafundi. Wengi wao wana ujuzi ambao sisi wakaguzi hatuna, na sitawafundisha kufungua bolti. Ninachotaka kuzungumzia ni kinacholizuia lori, na kinachoibeba giaboksi, wakati bolti ya mwisho inatoka. Maelezo haya hayachukui nafasi ya kitabu cha mtengenezaji wa gari lako.

Uzito kwanza. Giaboksi ya lori zito ikiwa na oili huwa kati ya kilo 250 na 400. Chukua kilo 300: ni mifuko sita ya saruji iliyofungwa pamoja, haina pa kushika, ina ncha mbele na imepakwa grisi. Mwageni oili kabla ya kuanza. Lita 10 hadi 15 zikitoka, mzigo unapungua kidogo, lakini faida kubwa ni kwamba haitamwagika sakafuni pale mtu anapohitaji kuruka nyuma.

Sasa hendibreki. Hapa nawaomba mafundi wa Canter na Isuzu ndogo wasome mara mbili. Katika nyingi ya gari hizo, breki ya kuegeshea haiko kwenye magurudumu. Ni dramu iliyo nyuma ya giaboksi, na inazuia magurudumu kupitia propela. Ukifungua propela, umeondoa hendibreki, hata kama mkono wake kule ndani umevutwa hadi mwisho. Nimekutana na mtu wa miaka ishirini kwenye ufundi aliyenibishia jambo hili huku amesimama mbele ya gari lililoteremka lenyewe na kuvunja ukuta wa choo. Mteremko wake haukuzidi ule wa ua wowote wa Sakina. Wekeni kabari za mbao ngumu mbele na nyuma ya magurudumu kabla spana haijagusa propela. Jiwe la mtoni halifai, ni duara.

Kwenye malori makubwa yenye breki za upepo mambo ni kinyume. Kule upepo ndio unaoachia hendibreki, na springi ndiyo inayofunga. Kwa hiyo ukitoa upepo wote tenkini, magurudumu ya nyuma yanafungwa na springi, na mabomba ya upepo yanayokwenda kwenye giaboksi yanafunguka bila kumpiga mtu usoni. Kabari ziwekwe hata hivyo. Lori lenye balloni za upepo badala ya springi za chuma hushuka upepo ukitoka, na chasisi inamfuata aliyelala chini yake. Toeni upepo mkiwa nje, liacheni lishuke hadi litulie, ndipo mpandishe jeki na kuweka stendi. Na bakuli la breki lenye springi ndani lisiguswe na mtu asiye na kifaa cha kuikaza springi hiyo. Halihusiani na giaboksi, lakini nimeona likifunguliwa "kwa kuwa tupo hapa hapa".

Betri: ondoeni waya wa hasi. Waya mnene wa stata una umeme muda wote, swichi ikiwa imezimwa au la, na saa ya chuma ikigusa pale kwenye volti 24 inaungua pamoja na ngozi.

Jeki kazi yake ni kunyanyua. Kushikilia ni kazi ya stendi. Ndani ya jeki ya chupa kuna oili na mpira mdogo, na mpira huo ukichoka hautoi taarifa. Lori likishapanda, chasisi ikae juu ya stendi za chuma, pande zote mbili kwa kimo kimoja, kila stendi ikiwa na uwezo ulioandikwa juu yake. Tunachokikuta uani ni matofali ya saruji, rimu kuukuu zilizopangwa kama sahani, na siku moja kreti za soda. Tofali la saruji haliinami kabla ya kuvunjika. Linapasuka ghafla, katikati, mtu akiwa bado anaomba apewe spana ya 19. Kama hamna stendi, magogo ya mbao ngumu yapangwe kwa kupishana, mawili hivi na mawili vile, mpango wake uwe mpana chini kuliko kimo chake. Na chini kuwe na zege. Udongo wa Kisongo au wa Pasua baada ya mvua unameza mguu wa stendi polepole bila mtu kuona. Kama ua ni wa udongo, lazeni kwanza bamba nene la chuma au mbao pana, halafu liacheni lori likae juu ya stendi muda wa kunywa chai. Likiinama, mmejua mapema.

Baada ya hapo, injini. Kwa baadhi ya malori, raba za nyuma zinazobeba injini zimefungwa upande wa giaboksi au kwenye krosimemba (chuma cha mkingamo cha chasisi) inayotolewa. Ukiiondoa, injini inalala nyuma, na giaboksi ambayo bado imeshikwa na bolti mbili inabanwa isitoke. Hapo ndipo kijana anatumwa aingie chini aipige nyundo. Tegemezeni injini kwanza, kwa gogo na jeki ya pili, lakini msiweke jeki moja kwa moja chini ya sampu, ile karai ya oili chini ya injini.

Bolti za mwisho ndizo hatari kuliko zote. Fundi mwenye busara hutoa bolti mbili, moja kila upande, na mahali pake anaingiza vyuma virefu vilivyochongwa nyuzi upande mmoja, visivyo na kichwa. Giaboksi inarudi nyuma ikiteleza juu ya vyuma hivyo, imenyooka, hadi shafti yake ya mbele itoke kabisa kwenye klachi. Bila vyuma hivyo, bolti ya mwisho ikitoka uzito wote unaning'inia kwenye shafti. Shafti inapinda pleti ya klachi, na hapo mwenye lori atalia, halafu giaboksi inachomoka na kuanguka kwa pembe ambayo hakuna aliyeitarajia. Mzigo uwe umeshafungwa kwa mkanda kwenye jeki ya giaboksi ile yenye sahani pana na magurudumu. Ubao juu ya jeki ya chupa ni ubao juu ya mpira.

Na mtu asiwe chini. Sijui niandike hili kwa herufi za ukubwa gani. Wale wanaoshusha giaboksi ya Canter kwa kuilaza kifuani, wawili chini na mmoja anafungua, huniambia kwamba ni nyepesi na wamezoea. Mifupa ya kifua haizoei.

Kuna pia wanaotumia cheni bloki kuivuta kutoka juu. Ni njia nzuri, ikiwa cheni imefungwa kwenye kitu kinachostahimili. Kenchi za banda la mabati zimepigwa misumari kubeba mabati na upepo wa Julai. Hazikupigwa kubeba kilo 300 zinazotikisika. Miguu mitatu ya mabomba iliyochomelewa mtaani nayo ina kasoro moja: miguu hutanuka mzigo ukining'inia, na lazima iunganishwe kwa cheni chini. Uwezo ulioandikwa kwenye cheni bloki ni wa cheni bloki tu. Ndoano, kamba na kitu kilichofungiwa juu kila kimoja kina uwezo wake, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachoamua.

Klachi ikishakuwa wazi, msipulize vumbi lake kwa upepo. Pleti za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na mapafu hayaisahau. Futeni kwa kitambaa chenye maji.

Sasa niseme ya sheria, kwa sababu ndipo uvumi ulipo mwingi. "Hapa ni kwangu, si kiwanda." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inaangalia kazi, haiangalii geti. Ukimlipa mtu mmoja kufanya kazi uani kwako, awe fundi, saidia fundi au tandiboi aliyepewa elfu tano ashike tochi, ua huo ni mahali pa kazi na kuna mtu anayebeba wajibu wa mwajiri. Ni nani? Hutegemea nani alimwita, nani anamlipa na nani anaelekeza kazi. Mara nyingi ni fundi mkuu, mara nyingine ni mwenye lori mwenyewe. Wakianza kusukumiana mbele yetu huwa tumeshachelewa wote.

Gereji inayofanya kazi kila siku inatakiwa kusajiliwa. Usajili hufanyika kwa mtandao: jina la biashara, mahali ilipo, aina ya kazi, idadi ya wafanyakazi. Ada ya usajili ilishafutwa, kwa hiyo anayekwambia alipwe ili akusajili anakuibia. Baada ya usajili mkaguzi hufika, huandika mapungufu na kukupa muda wa kuyarekebisha. Vifaa vya kunyanyulia hukaguliwa peke yake na mtu mwenye sifa. Ukikidhi, unapewa cheti. Usiporekebisha, unapewa ilani ya maboresho. Hatari ikiwa ya papo hapo, kwa mfano mtu yuko chini ya lori lililo juu ya matofali, mkaguzi anaweza kusimamisha kazi saa hiyo hiyo kwa ilani ya katazo. Kuendelea na kazi baada ya katazo ni kosa la jinai, na mahakama inaweza kutoa faini, kifungo au vyote viwili. Malipo yoyote halali ya serikali hutolewa kumbukumbu namba. Mkaguzi hana mfuko wa kupokelea noti.

Leseni ya biashara ni jambo jingine, na hutolewa na Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi. Kiwanja cha makazi kutumika kwa gereji ni jambo la tatu, linahitaji kibali chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Oili chafu ni taka hatarishi chini ya sheria ya mazingira, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, hawataki kusikia kwamba "tunamwagia vumbi lisiruke". Watu huniuliza kwa nini ofisi ni nyingi. Swali zuri, lakini sina jibu lake.

Mwajiri, hata wa mtu mmoja, anatakiwa pia kuwa amejisajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa kijana anayelipwa 300,000 kwa mwezi ni shilingi 1,500, chini ya bei ya chapati mbili na supu. Ajali itolewe taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba.

Mtu akibanwa, msilivute lori na msimvute mtu. Kabari, stendi ya pili, kisha nyanyueni taratibu. Pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji. Aliyebanwa mguu kwa muda mrefu anaweza kuonekana mzima akatoka akazirai, kwa kuwa sumu iliyojikusanya kwenye misuli inaingia kwenye damu ghafla, hivyo ni vyema mtaalamu wa afya awepo wakati anaachiwa. Hospitali ya Mount Meru au KCMC watampokea. Fomu ya polisi ya PF3 itafuata, isimtangulie mgonjwa anayetoka damu.

Na mkishamtoa, acheni vitu pale vilipo hadi mkaguzi afike. Mwaka jana nilifika nyumba moja Moshi, saa tatu baada ya ajali. Ua ulikuwa umefagiwa, umemwagiwa maji, lori limeshushwa, na mzee wa nyumba alinikaribisha kiti na kahawa huku kijana akiwa bado chumba cha upasuaji. Nilikunywa kahawa. Kisha nikamuuliza, "Mzee wangu, jeki iko wapi?" Akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama banda la ng'ombe.