Lorandaiti: aseniki inafanya kazi gani ndani ya jiwe?

Kwa macho tu, lorandaiti, madini mekundu yenye aseniki, hudhaniwa kuwa rialga, madini mengine mekundu ya aseniki yanayokaa nayo kwenye mishipa ileile ya mwamba. Kipande chake huwa na wekundu wa damu ya mzee, na juu mara nyingi hufunikwa na utando wa kijivu kama wa risasi. Ukikinyanyua, mkono unakataa: ni kizito mno kuwa rialga. Uzito huo unatokana na thaliamu, metali nzito yenye sumu, kwani katika kila gramu 100 za lorandaiti safi, gramu 59.5 ni thaliamu, 21.8 ni aseniki na 18.7 ni salfa. Kanuni yake ni TlAsS₂. Mhungaria József Krenner aliyaeleza madini haya mwaka 1894 kutoka Allchar, iliyopo leo Makedonia Kaskazini, akayapa jina la Loránd Eötvös, mwanafizikia aliyebobea katika kupima mvutano wa dunia.

Kosa linalojirudia ni kuyatia madini yote yenye aseniki katika kapu moja na kuyaita "madini ya aseniki", kana kwamba jina hilo linatosha. Halitoshi. Kinachoamua ukoo wa madini ni kazi ambayo aseniki inafanya ndani ya fuwele. Ikiwa peke yake, iko kwenye kundi la elementi tupu. Ikiungana na salfa bila metali nyingine, tunapata salfaidi kama rialga (As₄S₄) na opimenti (As₂S₃) ya manjano. Katika asenopiraiti (FeAsS), mbale ya aseniki iliyoenea kuliko zote, aseniki imesimama upande wa salfa, zote mbili zikipokea elektroni za chuma. Katika skorodaiti (FeAsO₄·2H₂O) imezungukwa na oksijeni nne, na kwa hiyo inahesabiwa na aseneti, jirani za fosfeti.

Lorandaiti haingii katika hayo yote. Humo kila atomi ya aseniki imeshika atomi tatu za salfa na kuunda piramidi fupi. Piramidi hizo zina chaji hasi, nayo thaliamu huja kuisawazisha. Umbo la namna hii ndilo linaloitwa chumvi-salfa. Katika mpangilio wa Strunz, mfumo wa kuainisha madini kwa kemia na umbo la fuwele, lorandaiti ina namba 2.HD.05. Namba 2 ni jamii ya salfaidi na ndugu zao, H ni chumvi-salfa zenye umbo linalofanana na la salfaidi ya bati, na D ni zile zenye thaliamu. Namba hiyo ina faida ya moja kwa moja kwa anayepanga makusanyo: ukiiweka lorandaiti droo moja na rialga kwa sababu ya rangi, umepanga rangi, hujapanga madini.

Sifa zake nyingine zinatokana na umbo hilohilo. Piramidi za aseniki na salfa zimeungana kuwa minyororo iliyojisokota, na kati ya mnyororo na mnyororo ipo thaliamu, ambayo vifungo vyake ni dhaifu. Ndiyo maana jiwe hili linapasuka kirahisi kufuata bapa moja, na vipande vyembamba vinavyotoka hupinda kabla ya kuvunjika, jambo ambalo si la kawaida kwa jiwe jekundu. Ugumu wake ni 2 hadi 2.5 kwa kipimo cha Mohs, karibu sawa na ukucha. Unga wake ni mwekundu wa cheri iliyoiva, ilhali unga wa rialga huelekea rangi ya chungwa.

Kipimo salama cha kuanzia ni densiti. Pima kipande kikavu hewani, kisha kitundike kwa uzi mwembamba ndani ya maji na upime tena. Gawanya uzito wa hewani kwa uzito uliopungua majini. Kipande cha gramu 4.42 kikisoma gramu 3.62 majini, kimepungua 0.80, jibu ni 5.53, ambayo ndiyo densiti ya lorandaiti. Rialga ya uzito huohuo ingepungua karibu gramu 1.24, kwa maana densiti yake ni 3.56 tu. Linaloharibu kipimo hiki mara nyingi ni hewa iliyonasa kwenye nyufa. Povu la mililita 0.1 tu linashusha jibu kutoka 5.53 hadi 4.9. Tia tone la sabuni ya maji, acha kipande kilowe, kitikise taratibu, ndipo upime. Kipande chenye kwatzi au baraiti kitatoa jibu la mchanganyiko, na kipande cha chini ya gramu moja kinahitaji mizani inayosoma miligramu. Chombo ulichotumia kisirudi jikoni tena.

Hata hivyo densiti haimalizi ubishi. Prustaiti (Ag₃AsS₃), nayo chumvi-salfa nyekundu, ina densiti ya karibu 5.6 na ugumu uleule. Tofauti ni kwamba yenyewe ni dhaifu na humeguka bila kupinda. Hapo kazi ni ya maabara. Tahadhari moja kwa wanaotumia hadubini ya elektroni yenye kipima nishati ya eksirei, ambacho huitambua kila elementi kwa mistari ya eksirei inayotoa: mstari wa M wa thaliamu (2.27 keV) unagongana na mstari wa K wa salfa (2.31 keV). Ukikimbilia mistari ya juu, L ya thaliamu iko 10.27 keV na K ya aseniki 10.54 keV, na zinagusana miguuni. Programu ikiachwa ijiamulie inaweza kutoa asilimia za ovyo. Tumia kipima urefu wa wimbi, au thibitisha kwa mtawanyiko wa eksirei unaoonyesha umbo la fuwele lenyewe.

Msifanye kipimo cha mkwaruzo nyumbani, na kamwe msipashe jiwe hili moto. Vitabu vya zamani vilielekeza kulichoma kipande na kunusa harufu ya kitunguu saumu. Harufu hiyo ni ya mvuke wenye aseniki, na hapa thaliamu ingepanda pamoja nayo. Ayoni ya thaliamu inakaribiana kwa ukubwa na ya potasiamu, hivyo mwili huipokea kama yake, ikaingia kwenye neva na misuli. Nywele huanza kunyonyoka wiki mbili hadi tatu baadaye, wakati madhara yameshatokea. Vaa glavu za nitraili, kata kwa maji wala si kwa ukavu, na hifadhi kipande kwenye kisanduku chenye kifuniko na lebo inayotaja thaliamu kwa jina, maana lebo ya "aseniki" peke yake inaficha nusu ya hatari. Kiweke gizani pia: rialga iliyogandamana nayo hugeuka unga wa manjano ikipigwa na mwanga.

Thaliamu hiyo hiyo ndiyo iliyowaleta wanafizikia Allchar. Asilimia 70.5 ya thaliamu asilia ni thaliamu-205. Nyutrino, chembe ndogo mno isiyo na chaji, ikitoka Jua na kuigonga, inaigeuza kuwa risasi-205, yenye nusumaisha (muda wa nusu ya atomi kuoza) ya takriban miaka milioni 17, na inatosha nyutrino iwe na nishati ya karibu 50 keV tu. Pendekezo la kuhesabu risasi-205 hiyo ndani ya lorandaiti ili kupima nyutrino za Jua lilitolewa mwaka 1976. Mbale za Allchar zina umri wa miaka zaidi ya milioni nne, kwa hiyo lorandaiti imehifadhi kumbukumbu ya Jua kwa muda wote huo. Mwaka 2024 matokeo ya kipimo kilichofanyika Darmstadt, Ujerumani, yalitoa nusumaisha ya takriban siku 291 kwa thaliamu-205 iliyovuliwa elektroni zake zote, na kutokana nayo uwezekano wa nyutrino kunaswa ukakokotolewa upya. Kikwazo kilichobaki kiko ardhini. Muoni, chembe zinazotokana na miale ya kosmiki inayotoka anga za mbali, nazo huzalisha risasi-205, na nyingi zaidi pale mwamba wa juu ulipo mwembamba. Kabla ya kuhesabu atomi, lazima ijulikane lorandaiti ilikuwa kina gani katika kila kipindi, na hilo hutafutwa kwa kupima kasi ya mmomonyoko wa kilima, kwa mfano kupitia alumini-26 iliyojikusanya kwenye kwatzi.