Uchakavu wa Kamera Haulipwi na Bima

Wateja wengi hapa Kisumu, wanapopokea ankara ya picha za harusi au za mazishi na kukuta uchakavu wa vifaa umeandikwa kwenye mstari wake, chini ya ule wa bima, hudai kwamba wametozwa mara mbili kwa kamera ile ile, na dai hilo nimelisikia hata kwa waweka hazina wa kamati za harusi, watu waliozoea hesabu.

Uchakavu ni thamani ambayo kifaa hupoteza kwa kutumika na kwa kupitwa na wakati, hata kama hakijaanguka wala kuibwa.

Bima hushughulikia jambo jingine kabisa. Kampuni ya bima hulipia tukio la ghafla ambalo huenda lisitokee: begi kuibwa kwenye stendi ya matatu, au lenzi kuanguka sakafuni wakati wa maandamano ya maharusi. Kuchakaa hakuna shaka kwamba kutatokea, na kwa sababu hiyo mikataba ya bima ya vifaa kwa kawaida hukataa waziwazi kulipia kuchakaa. Nikon ilipotoa kamera ya D850 mwaka 2017, ilieleza kwamba shata yake, yaani pazia linalofunguka na kufungwa kila picha inapopigwa, imejaribiwa kwa mizunguko 200,000. Harusi inayoanza bibi harusi akivalishwa asubuhi Milimani na kuishia ukumbini usiku yaweza kula mizunguko 2,500, yaani sehemu moja ya themanini ya kiwango hicho. Tukichukulia kwamba kamera ilinunuliwa kwa shilingi 240,000, basi shilingi 3,000 zimekwenda na harusi hiyo, kabla ya kuhesabu betri, flashi, na lenzi ambayo unyevu wa kando ya ziwa huweza kuiotesha kuvu ikihifadhiwa vibaya. Siku shata itakapokwisha, mwenye kamera hatakuwa na dai lolote la kupeleka kwa kampuni ya bima, kwa kuwa hakuna ajali iliyotokea.

Hata kamera ikiibwa kweli, mara nyingi mwenye bima hubeba sehemu ya kwanza ya hasara mwenyewe, na mikataba mingi hulipa thamani ya kamera kama ilivyokuwa siku ya wizi, baada ya kuondoa uchakavu, wala si bei ya kununulia mpya. Pengo hilo, ambalo wateja hawaelezwi ipasavyo, mpiga picha hulijaza kwa fedha za uchakavu alizokuwa akiziweka kando kazi baada ya kazi.

Kwa hiyo mteja ambaye bajeti yake imebana ana haki kamili ya kuuliza uchakavu umepigiwa hesabu gani, au kuomba saa za kazi zipunguzwe na mpiga picha wa pili aondolewe, maana hapo vifaa vitatumika kidogo na gharama itashuka kihalali. Kuomba uchakavu ufutwe kwa kuwa bima ipo ni kuomba bima ilipie kitu ambacho mkataba wake umekikataa.