Ramani ya nyuma haipigi hesabu ya maji

Wengi wakishaingiza picha ya setilaiti kwenye EPANET, programu ya bure ya kupigia hesabu mitandao ya mabomba, huamini sasa inajua bomba lina urefu gani na kilima kiko wapi. Haijui. Picha ile ni pazia tu. Ukiifuta, presha zitabaki vilevile.

Usipobadilisha mipangilio, bomba jipya hupewa urefu wa 1000 na nodi (pale mabomba yanapoungana au kuishia) mwinuko wa 0, hata kama umechora bomba la hatua kumi. Urefu utafuata mchoro ukiwasha kipimo cha urefu cha programu yenyewe, na vipimo vya ramani viwe vya mita. Ukiacha digrii za latitudo na longitudo, utapata vichekesho.

Mwinuko ndio wa kuogopa zaidi. Kila mita 10 za mwinuko ni karibu bar 1 ya presha, na data ya bure ya SRTM (miinuko iliyopimwa kwa rada kutoka angani) huweza kukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo tangi na vioski vya maji vipimwe na mpima ardhi.

Halafu kuna ramani za zamani za Kenya na Tanzania, zilizotumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuweka mahali kwenye ramani. Zilaze juu ya WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, bila kuzigeuza, na mabomba yatahama takriban mita 300.