Jina la kundi la wagonjwa: dhana potofu na ukweli

Wiki hii nimeletewa tena jina la kundi. Mwelimishaji rika mmoja, kijana mwenye moyo wa kazi, anataka kuwakusanya wateja wetu wa CTC, yaani kliniki ya huduma na dawa za VVU, kwenye WhatsApp wapeane moyo na kukumbushana dozi. Wazo zuri kabisa. Jina alilokuja nalo lilianza na neno WAVIU, kifupi cha watu wanaoishi na VVU, likafuatiwa na jina la mtaa. Nikamuuliza kwa nini. Akanipa lile jibu ambalo sisi washauri nasaha tumelisikia hadi tumechoka: tukificha jina, tunaendeleza unyanyapaa. Basi niyaandike hapa, ili anayefuata ayasome kabla hajafungua kundi.

Dhana: jina lisilotaja ugonjwa ni kujinyanyapaa

Hii inaniumiza kuliko zote kwa sababu wanaoisema ni watu wema, wengi wao wakiwa wameshajiweka wazi. Wanasahau kwamba jina la kundi halisomwi na wanakundi peke yao. Ujumbe wa kundi ukiingia, WhatsApp inauonyesha pamoja na jina la kundi, na kwenye simu nyingi maandishi hayo hujitokeza juu ya kioo hata kama simu imefungwa.

Sasa angalia simu za wateja wetu zinashinda wapi. Yupo mama ambaye kwake hakuna umeme. Asubuhi anaiacha simu kwenye kibanda cha kuchaji, inachomekwa kwenye ekstensheni pamoja na simu nyingine za mtaa mzima, kioo kikiwa juu, na meseji ikiingia tu kinawaka. Mwenye kibanda hana haja ya kupekua chochote. Mwenye simu anamjua, na jina la kundi analisoma pale alipokaa. Yupo anayetumia simu moja na mumewe. Yupo ambaye wifi yake huomba simu apige mara moja tu, na katika hiyo mara moja meseji tatu zimeshaingia.

Na wapo watoto. Wazazi na walezi wa watoto wanaoishi na VVU wanahitaji kundi lao, tena sana. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule aelezwe hali yake, hatua kwa hatua, kadiri uelewa wake unavyokua. Kwa mzazi kazi hiyo si ya siku moja. Anakuja, analia, anaahirisha, anarudi. Tunapanga naye aseme nini kwanza na nini kisubiri. Halafu mtoto wa darasa la tatu, msomaji mzuri, anacheza gemu kwenye simu ya mama yake, na juu ya kioo yanatokea maneno "Wazazi wa Watoto Wenye VVU". Ameshaambiwa, tena akiwa peke yake, bila mtu wa kumshika mkono wala kumjibu swali.

Kujiweka wazi ni haki ya mtu mmoja mmoja. Hapa Tanzania sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2006 inayofanya hivyo hivyo. Anayeliita kundi kwa jina la wazi amewatangaza wanakundi wote kwa siku moja, wakiwemo ambao bado hawajapata ujasiri wa kuwaambia wenzi wao. Unyanyapaa unapigwa vita na mtu aliyeamua kusimama na kusema. Mtu aliyesemewa na simu yake hajapigana vita yoyote, ameumizwa tu, na mara nyingi anachofanya ni kujitoa kwenye kundi usiku ule ule. Kundi linabaki na majasiri, yaani wale ambao hawakuwa na shida nalo sana.

Nikisema haya naambiwa: mbona TASO, yaani The AIDS Support Organisation, walitaja UKIMWI waziwazi? Ni kweli. Noerine Kaleeba na wenzake waliianzisha Uganda mwaka 1987, mwaka ule ule aliofiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, wakati ambapo kuutaja tu kulihitaji moyo mgumu. Hapa kwetu WAMATA nayo ni ya miaka hiyo, kirefu chake Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Nawaheshimu mno watu hawa. Lakini yale ni majina ya mashirika. Yanaandikwa mlangoni, kwenye barua na kwenye fulana za waliojitolea kuzivaa. Hayamfuati kila aliyekwenda kupata huduma mpaka jikoni kwake.

Ushauri wangu huu sitauacha: chukueni jina la kawaida kabisa. Siku ya kliniki, mti ulio nje ya kituo, mahali mnapokutana. "Familia ya Alhamisi." "Mwembeni." Kila mwenye simu leo ana makundi ya ukoo, ya kwaya na ya michango ya harusi, kwa hiyo jina la namna hiyo halimshtui mtu. Ila msijiite kikoba, maana mume atataka kujua hisa ni ngapi na fedha ziko wapi. Kipimo ninachotumia ni kimoja: yule mwenye hofu kuliko wote, akiulizwa ghafla "hili ni kundi gani?", awe na jibu fupi ambalo halitamlazimisha kutunga uongo mrefu. "Ni watu tunaokutana Alhamisi" inatosha.

Dhana: kifupi kinaficha

CTC, ARV, WAVIU, PMTCT (huduma ya kumkinga mtoto asiambukizwe VVU na mama yake). Nani asiyevijua? Vimeandikwa kwenye vibao vya zahanati na vimesemwa redioni kwa miaka. Na hata jina likiwa zuri, picha ya kundi ikiwa utepe mwekundu wa UKIMWI mmefanya kazi bure. Anayebonyeza kiungo cha mwaliko huonyeshwa jina na picha kabla hata hajajiunga.

Dhana: tupige kura humo humo kundini

Kura ya WhatsApp inaonyesha nani amechagua nini. Yule mwenye hofu hatakuwa wa kwanza kusema hapana, atafuata wengi na kunyamaza. Tena kura inapopigwa ndani ya kundi, watu wameshaingizwa tayari chini ya jina fulani. Waulizeni mmoja mmoja, siku wanapokuja kuchukua dawa, kundi likiwa bado halijafunguliwa.

Dhana: jina lazima liahidi kupona

Hili nalisikia zaidi upande wa kisukari na presha, na hapa sina uvumilivu. "Kisukari Kwaheri", "Pona Presha" na mengine ya aina hiyo. Mwenye kisukari aina ya kwanza, kongosho yake haitengenezi insulini ya kumtosha. Tangu mgonjwa wa kwanza achomwe sindano ya insulini kule Toronto mwaka 1922, uhai wa watu hawa umekuwa ukitegemea dawa hiyo kila siku, na akiiacha, ndani ya siku chache tu damu inaweza kujaa asidi hadi apoteze fahamu. Ukiwaita watu hawa chini ya jina linaloahidi kuagana na ugonjwa, umewaita na wauzaji. Hawakawii. Anaingia mmoja kimyakimya, anasalimia vizuri asubuhi, keshokutwa anaweka picha ya chupa na namba ya kutuma pesa. Na mwanakundi akihoji, anajibiwa kwamba jina la kundi lenyewe linasema kupona. Tuliokuwa kazini mwaka 2011 tunakumbuka kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500 cha kijiji cha Samunge, Loliondo, na watu walioacha ARV wakiamini wamepona. Ahadi ya kupona ina nguvu ya kumtoa mtu kwenye dawa. Msiiweke kwenye jina.

Dhana: jina la hospitali au la daktari linaleta imani

Linaleta imani isiyo yake. Chochote kitakachoandikwa humo, hata ushauri mbaya wa saa nne usiku, kitachukuliwa kuwa kimetoka kwa daktari. Kama hospitali haijaridhia kwa maandishi, acheni.

Dhana: kanuni ni moja kwa magonjwa yote

Hapana. Wazazi wa watoto wenye selimundu (sikoseli) mara nyingi wanataka kuonekana, kwa sababu mzazi aliyepewa majibu leo anaingia Facebook kutafuta wenzake, na neno asilolikuta kwenye jina halimfikishi kwao. Hao nawashauri wawe na vitu viwili: ukurasa wa elimu wenye jina la wazi, na kundi la mazungumzo lenye jina la kawaida. Mkumbuke tu kwamba kundi la faragha la Facebook bado huonekana jina lake kwa anayetafuta, isipokuwa mmelifanya lifichike kabisa.

Dhana: jina likishawekwa, limewekwa

Kama kundi lenu tayari lina jina baya, libadilisheni leo, pamoja na picha na maelezo ya chini yake. Kisha admini aingie kwenye mipangilio azuie wengine kuhariri taarifa za kundi, kwa sababu likiachwa lilivyo mara nyingi mwanakundi yeyote anaweza kulibadilisha jina, na kila mara atapatikana mwenye nia njema wa kurudisha lile la zamani. Kiungo cha mwaliko nacho kifutwe, kitolewe kipya.