Swichi za mwanga kwenye ubongo: yanayosemwa kijiweni na ukweli wake

Stori za wanasayansi kuendesha ubongo kwa mwanga zikifika kijiwe cha bajaji pale Kabwe, Mbeya, zinakuwa zimeshaota mkia na mapembe, sasa mimi nachukua zile ninazozisikia sana.

Eti wanakupandikiza chip. Hamna chip wala betri hapo jamani. Swichi yenyewe ni molekyuli, na inayotumika sana inaitwa azobenzini, pete mbili za kaboni zimeunganishwa na atomu mbili za naitrojeni, ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno (UV, ule usioonekana kwa macho) inajikunja, ukiimulika wa bluu au kijani inanyooka tena, yaani urefu wake unatoka nanomita 0.9 unashuka hadi kama 0.55 na mchezo wote uko hapo. Wakemia wanaibandika kwenye kitu ambacho kipokezi cha ubongo, yaani protini ya kwenye seli inayopokea ujumbe wa kemikali, kinakitambua, mfano glutameti, kemikali ambayo seli za neva zinatumia kuamshana. Kwenye kipokezi kimoja walichokifanyia kazi wanasayansi kina Isacoff na Trauner kule Berkeley, Marekani, mwaka 2006, swichi ikinyooka glutameti haifiki mahali pake, ikijikunja inafika, mlango wa kipokezi unafunguka na ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinaingia kwenye seli.

Eti mtu akikumulika na tochi ya simu anakutawala. Hii inanichekesha kweli. Lazima molekyuli iwepo, kipokezi chake kiwepo, na mwanga wa rangi yake ufike palepale, kimoja kikikosekana hakuna kitu. Na urujuanimno au bluu inafifia ndani ya milimita chache tu za nyama, jua la Mbeya linakubabua mashavu mchana kutwa na ubongo chini ya fuvu hauna habari. Kwa panya wa maabara inabidi wapitishe faiba nyembamba, uzi unaobeba mwanga, kichwani, na ndo maana wakemia wanahangaika na swichi za mwanga mwekundu, huo unapenya zaidi.

Eti ndo optojenetiki ileile. Ni ndugu tu. Optojenetiki inaingiza kwenye seli jeni ya protini inayohisi mwanga, iliyotoka kwa mwani. Hizi swichi za molekyuli, nyingine zinataka kipokezi kibadilishwe kidogo zipate pa kushikia, ila nyingine unaziweka kama dawa ya kawaida na zinafanya kazi na vipokezi vya asili, jeni haiguswi kabisa.

Eti ni mambo ya kishetani, Mungu hakuumba hivyo. Aisee, unasoma hapa kwa kutumia swichi ya aina hiyohiyo! Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna molekyuli inaitwa retinali, imejikunja, mwanga ukiigonga inanyooka na ndo unaona. Mwili unaitengeneza kutoka vitamini A, na ule wekundu wa mawese ya Kyela ni karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa hiyo vitamini, kwa hiyo ukila maharage ya mawese unanunua na malighafi humohumo.

Eti ni teknolojia ya juzi, na hospitali kubwa wanayo tayari. Mkemia Hartley aliandika kuhusu azobenzini kujikunja kwa mwanga 1937, na kufikia 1971 watafiti Bartels, Wassermann na Erlanger walishaendesha kwa mwanga vipokezi vya mkunga wa umeme, samaki anayetoa umeme. Hospitali ndo bado. Dawa ya kifafa unayomeza leo inazunguka mwili mzima, ni kama kumwagia sumu shamba zima la viazi kisa mashina mawili yana ukungu, ndo maana watu wanaitamani dawa inayowashwa sehemu moja kwa muda unaotaka. Wengi wanadhani ubongo ndo utatangulia, mimi naona ni jicho, maana pale mwanga unaingia wenyewe bila kutoboa fuvu la mtu, na Australia walishaanza kuwachoma sindano ya swichi ya aina hii ndani ya jicho watu ambao seli zao za kupokea mwanga zimekufa kwa ugonjwa wa kurithi, waone kama zile seli zilizobaki za retina, utando wa nyuma ndani ya jicho, zitaanza kuitikia mwanga.